Mwalimu Aliona Mikono Yangu

Kashai, Bukoba
Jumapili, jioni

Mwanangu Kemilembe,

Umelala mapema na umefanya vema. Basi la alfajiri halina huruma na mtu. Begi lako liko mlangoni, na baba yako amelifungua na kulifunga tena kana kwamba ndani yake kuna kuku anayeweza kutoroka. Blanketi lipo, sufuria ndogo ipo, punje za kahawa za kutafuna njiani zipo. Kwa hiyo sitaandika habari za vitu hivyo. Wala sitakuandikia usali, ule vizuri, uwaheshimu wakubwa. Hayo yamo ndani yako. Kama hayamo, barua haitayaingiza.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi yenyewe. Siku uliporudi na habari kwamba umepata ajira Singida, mlezi wa bweni la wasichana, baba yako alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi niliinuka nikaenda jikoni. Ulinifuata ukanishika bega ukasema, "Mama, Singida si mbali hivyo." Ulidhani nalia kwa sababu unaondoka. Ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni hii ninayoiandika.

Unaikumbuka nyumba ya Muleba? Nadhani unaikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya asubuhi, vipande vipande. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unavuka migomba, unaingia dirishani bila kubisha hodi, na wewe ukijaribu kuukamata kwa viganja. Ng'ambo ya ua palikuwa na uwanja wa shule, na watoto wakicheza humo. Vishindo vya miguu vilisikika, vicheko vilisikika, sauti za kila namna, lakini maneno hakuna. Maneno yalikuwa mikononi mwao. Shule ile ilikuwa ya watoto viziwi, ya bweni, na mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Wewe uliijua lugha ya alama kabla hujajua kuzidisha. Siku moja tulipokwenda sokoni uliniuliza kwa nini watu wa sokoni wanachezesha midomo sana na mikono yao imelala tu.

Shule ile haipo tena. Majengo wamechukua wengine, nasikia wamepaka rangi. Nikipita kwenye barabara ile huwa naangalia upande wa pili.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini tulihama ghafla tukaja kupanga vyumba hapa Kashai. Nilikujibu kwamba ulikuwa uhamisho wa kawaida. Haukuwa wa kawaida.

Lazima kuna mtu unayemkumbuka vizuri kuliko nyumba: patroni wa bweni, Ta Projestus, kama tulivyomwita kwa heshima. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe siku zote, na akikubeba mabegani ulikuwa unagusa majani ya mparachichi. Kanisani aliimba sauti ya chini iliyofanya benchi litetemeke. Wageni wa shule walipokuja na misaada, yeye ndiye aliyewapokea, na watoto walisimama mstari bila kusukumana. Wageni walimsifu. Mkuu wa shule alimsifu. Hata mimi, mwanangu, nilimsifu, kwa sababu mahali penye watoto wengi na wafanyakazi wachache, mtu anayeweza kuwatuliza watoto anaonekana kama baraka. Hatukujiuliza anawatulizaje.

Darasani mwangu alikuwamo Anisia. Ndiyo, Anisia huyuhuyu aliyekushonea gauni la mahafali. Wakati ule alikuwa mtoto mwembamba mwenye nyusi nzito, na alikuwa msemaji kuliko wote. Mikono yake haikutulia. Alisimulia habari za bibi yake wa Kamachumu, za mbuzi wa bibi, za ziwa aliloliona mara moja tu akiwa juu ya mlima na akadhani ni mbingu imeanguka. Nilikuwa namwambia, "Anisia, pumzisha mikono, tufanye hesabu." Yeye ananijibu kwamba mikono haijachoka.

Ilikuwa masika, baada ya Pasaka. Asubuhi moja aliinua mkono kujibu swali, mkono wa sweta ukateremka, nikaona kifundo cha mkono wake. Kulikuwa na alama imezunguka, nyekundu, kama bangili. Nikaangalia mkono wa pili, nao ulikuwa hivyohivyo.

Mtoto anayesikia ukitaka asiseme utamziba mdomo. Hawa unawafunga mikono. Nililijua hilo pale pale nilipoziona zile alama. Sitakudanganya kwamba sikuelewa. Nilimwita pembeni nikamuuliza, "Nani?" Anisia, msemaji wangu, akaipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo akaniangalia tu.

Sasa nikueleze kwa nini sikutoka mbio siku ile. Si kujitetea. Nataka ujue hofu inavyovaa nguo za busara.

Kabla ya Muleba nilifundisha shule moja ya msingi hapa mjini. Kulikuwa na mlinzi, mzee mmoja mpole aliyependa kuwapa watoto mapera. Siku moja mtoto alionekana na jeraha mgongoni, na katika chumba cha walimu mmoja wetu akasema, "Yule mlinzi simwelewi." Mwingine akaongeza lake. Mimi nami nikaongeza langu. Hakuna aliyekwenda kuuliza popote, tulinong'ona tu juu ya chai, na mnong'ono ukatoka nje ukawa habari kamili. Mlinzi akafukuzwa. Baadaye mtoto mwenyewe akasema alianguka kutoka juu ya mti akaogopa kupigwa nyumbani. Mzee yule nilimwona mara moja tu baada ya hapo, anauza karanga stendi. Alinisalimia kwa heshima kama zamani, na salamu ile iliniunguza.

Kutokana na hilo nilijifunza somo, lakini nilijifunza kombo. Nilijiambia, usimseme mtu mpaka uwe na hakika. Ilinichukua miaka kuona kwamba kosa letu kwa mzee yule halikuwa kusema. Tulisema kwa watu wasiohusika, na wanaohusika hatukuwaambia, kwa hiyo hakuna aliyechunguza. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi niliyachanganya, na aliyelipia ni Anisia.

Mchana ule nilikwenda kwa Mkuu wa shule. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mama mchovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Umemwona Projestus akimfunga?"

"Sijamwona, Mkuu. Nimeona alama tu."

"Mtoto amesema ni yeye?"

"Hajasema kitu."

Akaangalia mvua dirishani. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, "Umefanya vizuri kuniambia. Utaratibu ndio huo: mwalimu ananiambia mimi, mimi naangalia la kufanya. Wewe umeshatimiza wajibu wako. Rudi darasani."

Nilitoka pale mwepesi. Nakumbuka nilivuka uwanja bila mwavuli na mvua ilikuwa tamu usoni. Neno lile, umeshatimiza, lilinikaa kichwani kama wimbo. Nilimweleza baba yako jioni tukila.

"Umemwambia Mkuu?" aliuliza.

"Nimemwambia."

"Basi. Unataka nini tena, Mama Kemi? Wewe si polisi." Kisha akatazama dari, na nilijua anawaza nini, maana nyumba ile ilikuwa ya shule.

Siku zikapita. Muleba wakati wa masika siku hazina mipaka, kijani juu ya kijani, asubuhi haitofautiani na jioni ila kwa harufu ya moshi. Niliingia na kutoka darasani kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nilimuuliza Mkuu tena, mara moja, akanijibu, "Tunalishughulikia." Ta Projestus aliendelea kuimba kanisani. Anisia aliendelea kuja darasani, na sweta lake alilivaa hata jua likiwaka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ni gumu kuliko yote kuliandika. Sikuangalia tena ile mikono. Nilikuwa nimeshatoa taarifa, na mtu aliyekwisha kutoa taarifa hapendi kuona kitu kipya. Nilianza kuandika ubaoni kwa muda mrefu, mgongo wangu ukiwa kwao. Unajua maana yake kwa darasa la viziwi. Ukiwapa mgongo umewafungia mlango, hata kukuita hawawezi. Na Anisia, aliyekuwa anakaa mbele karibu na dirisha, nilimhamishia nyuma. Nilijiambia ni kwa sababu ya urefu.

Likizo ikaja, ikaisha. Mwezi wa nane, siku ya jua kali, nilikuwa nagawa mitihani. Anisia akashika kalamu, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka. Nikamwendea nikasema, "Shika vizuri." Akaniinulia mkono wa kulia ili nione. Vidole viwili, cha mwisho na cha kando yake, vilikuwa vimesimama kama vijiti. Alijaribu kuvikunja mbele yangu na havikukunjika. Akajaribu kuniambia kitu, na kwa mara ya kwanza sikumwelewa. Alama zilitoka zimekatika, kama mtu anayeongea huku ulimi umekufa ganzi.

Nilifunga darasa. Sikumwambia Mkuu. Nilimkuta baba yako nyuma ya nyumba anapalilia maharage, nikamwambia, "Vidole vya Anisia vimekufa." Aliegemeza jembe lake ukutani. Sikujua atasema nini, na nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akaenda akaosha miguu, akatoa pikipiki, akasema, "Panda." Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu. Nimekuambia hili ili usije ukamhukumu kwa yale aliyoyasema mezani.

Afisa ustawi wa jamii wa wilaya alikuwa dada mgeni, mtu wa Mara, ana sauti kavu. Nilianza kumwomba radhi. Nikamwambia sina uhakika, sikumwona mtu akitenda, huenda namsingizia.

"Mwalimu," akanikatiza, "umeona nini kwa macho yako?"

"Alama za kamba. Baadaye vidole."

"Hicho ndicho ninachokihitaji kwako. Nani alifanya, vipi, kwa nini, hiyo ni kazi yangu na ya polisi. Hukutakiwa kuniletea ukweli wote. Ulitakiwa kuniletea ulichokiona."

Miezi yote ile nilikuwa nasubiri niwe na ukweli mzima mkononi, na mlango ulikuwa wazi kwa kipande tu.

Kesho yake walikuja shuleni, yeye na polisi wawili. Stoo ya nyuma ya jiko ilifunguliwa. Hakukuwa na mtoto ndani siku ile, namshukuru Mungu, lakini kamba zilikuwa kwenye msumari, na mkeka chini. Kisha wakataka kuwahoji watoto, na hapakuwa na mkalimani. Wa mjini Bukoba angefika baada ya siku kadhaa. Yule dada akaniangalia. "Kwa leo utatusaidia wewe."

Kemi, hujawahi kufanya kazi ya ukalimani, kwa hiyo nikueleze. Mkalimani hasemi "mtoto anasema alifungwa". Mkalimani husema "mimi". Mtoto akisema mimi, nawe unasema mimi, kwa sauti yako mwenyewe, mbele ya watu. Kwa hiyo mchana kutwa nilikaa katika ofisi ile nikisema: mimi nilifungwa mikono. Mimi nilifungiwa gizani. Mimi nililala mle kwa sababu nilikojoa kitandani. Mimi niliita na hakuna aliyeona. Watoto waliingia mmoja mmoja, wadogo, wamenawa uso, na mimi nikawa kila mmoja wao. Katikati ya hayo nilianza kuona kama naota, sauti ilikuwa yangu lakini maumivu yanatoka mahali pengine, na nje ya dirisha migomba inapepea kwa utulivu kana kwamba dunia haina neno.

Akaingia Anisia. Aliongea kwa mkono wa kushoto zaidi, ule mzima. Alisimulia yote. Polisi akauliza, kwa kupitia kwangu, "Kuna mtu mzima yeyote aliyejua?"

Anisia hakuniangalia mimi. Alimwangalia polisi, kama alivyofundishwa, maana niliwafundisha mwenyewe kwamba unapoongea kupitia mkalimani unamwangalia unayeongea naye. Akasema lake. Na mimi nikafungua mdomo nikasema kwa sauti:

"Mwalimu aliona mikono yangu."

Polisi akaandika. "Mwalimu yupi?"

Nikatafsiri swali. Anisia akanyoosha mkono, akanionyesha.

Yule dada wa ustawi akaweka kalamu chini. Nilisema, "Ni kweli. Ni mimi." Na hapo sikujua kama nasema kama mkalimani au kama mimi.

Jioni polisi mkubwa aliniita pembeni nitoe maelezo yangu. Aliuliza nilimwambia nani, lini, na nani alikuwepo. Nikajibu. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, na aliniona nimekaa na watoto siku nzima, akataka kunipa faraja. Akasema, "Mwalimu, usiogope. Ulimwambia mkuu wako, na baadaye umekuja mwenyewe serikalini. Kwa upande wako hakuna kesi. Uko salama."

Na mimi nikafarijika, mwanangu. Nilirudi nyumbani nikala ndizi na maharage, nikarudia sahani. Wewe ulikuwa mezani unanisimulia habari za paka. Katikati ya tonge nikajisikia ninavyokula kwa raha, nikajiuliza: niko salama na nani? Hakuna mtu aliyekuwa ananiwinda mimi.

Tangu siku ile naielewa sheria hivi, na si mtaalamu. Sheria iliniuliza kama nilisema. Ni swali zuri na la lazima, na ole wake asiyeweza kulijibu. Lakini Anisia hakuwa na haja ya kujua kama nilisema. Alichotaka ni kamba iondoke. Baina ya maswali hayo mawili kulikuwa na masika yote na kiangazi, na mimi nilikaa humo nimejifunika neno moja la Mkuu.

Mambo yaliyofuata unaweza kuyakisia. Ta Projestus alishtakiwa, akafungwa. Mkuu aliondolewa kazini; nilimwona siku anapakia vitu vyake, akaniambia bila hasira, "Na mimi niliwaambia walio juu yangu." Huenda ni kweli. Huenda kila mmoja wetu alimwambia aliye juu yake, na neno likapanda na kupanda mpaka likawa moshi. Walimu wenzangu waliacha kunisalimia, na shule ikatutaka tutoke katika nyumba yake. Wengine walisema nimeiua shule, na kwa namna fulani walisema kweli, maana wafadhili walikimbia na mwaka uliofuata ikafungwa. Watoto wengine walirudishwa makwao, kwenye nyumba ambazo hakuna anayejua lugha yao. Hilo nalo nimelibeba. Usidhani ukifanya lililo sawa kila kitu kitakaa sawa.

Nilikwenda Kamachumu kwa bibi yake Anisia kabla hatujahama. Hakuna aliyenituma. Jina lake Ma Paskazia, Mungu amrehemu, mama mfupi mwenye mgongo ulioinama kwa kahawa. Alikuwa ameanika buni uani. Alinipa kigoda, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba kama anavyopewa mgeni wa heri. Nikamwambia yote, kwa Kihaya, maana Kiswahili kingenipa mahali pa kujificha.

Akauliza, "Uliiona ile mikono?"

"Niliiona, Maawe."

"Ukamwambia mkubwa wako."

"Ndiyo."

"Kisha?"

Alinisubiri. Jua lilitembea juu ya buni, kuku akaja akafukuzwa. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Mwisho akasema, "Mjukuu wangu amerudi. Anaongea usiku na mchana kwa kile kimkono chake, na mimi simwelewi. Namjibu kwa kumpa chakula. Wewe unaijua lugha yake. Nifundishe."

Kila Jumamosi, Kemi, zile Jumamosi ulizokuwa unabaki na baba yako hapa Kashai ukilalamika kwamba mama haupendi mji, nilikuwa napanda gari kwenda Kamachumu kumfundisha bibi kizee kusema mvua, mbuzi, njaa, unaumwa wapi. Vidole vyake vilikuwa vigumu kuliko vya Anisia. Walikuwa wakichekana. Siku moja niliwakuta wamekaa mlangoni wanabishana, mikono inaruka, kuhusu mbuzi aliyekula kitambaa, na hakuna aliyenihitaji. Nikasimama kwenye migomba nikiwatazama mpaka mvua ikaniondoa.

Sikuambii haya ili nionekane nimelipa. Vidole havijakunjika mpaka leo. Wateja wake wapya pale kwenye cherehani hupata shida kumwelewa, hata viziwi wenzake, mpaka wamzoee.

Mwezi uliopita, alipokuwa anakupima gauni, ulitoka nje kupokea simu tukabaki wawili. Nikamwambia unakwenda kuwa mlezi wa bweni. Alisimamisha kazi, akaondoa pini mdomoni. Hatukuwahi kuzungumza habari ile tangu utoto wake, yeye na mimi. Nilimuuliza kama alinichukia wakati ule, kwa kuwa niliona nikakaa.

Kisha akaniambia, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Hapana. Siku ile ulipoiona mikono yangu nilifurahi. Nilijua imekwisha. Kila siku nilijua kesho utakuja. Nilikuwa nakungoja."

Kisha wewe ukarudi ndani, ukauliza tunasema nini, Anisia akakuambia unene kidogo, gauni linakupwaya. Tukacheka wote watatu.

Mimi nilidhani mtoto ukimwona anaumia, anaumia vilevile kama kabla hujamwona. Sivyo. Ukishamwona anaanza kukungoja. Unaweza kuwa umekwisha kusema kwa mkubwa wako, umerudi darasani, umekula, umelala, na yeye bado anakungoja. Hakuna aliyenifundisha hilo chuoni, na sidhani kama wewe walikufundisha.

Huko Singida huenda usikutane na jambo kama hili kamwe. Naomba iwe hivyo. Huenda ukakutana nalo likiwa limevaa shati jeupe. Huenda ukakosea, ukashuku pasipo kitu, ukaona aibu. Nenda tu kwa wanaopaswa kuuliza, uwape ulichokiona bila kuongeza, na usikinong'one kwingine. Huenda wakakuambia umeshatimiza, rudi kazini. Rudi kazini, lakini rudi ukiwa unaangalia.

Na kama itafika siku utanipigia simu kuniambia umefukuzwa, umetolewa nyumba, uko stendi na begi lako, usitafute maneno ya kunieleza. Chumba chako hatutampangisha mtu, tumekubaliana mimi na baba yako. Nauli itatumwa. Ila jua kwamba sitakuuliza kwanza habari za kazi. Nitakuuliza yule mtoto yuko wapi sasa, na yuko na nani.

Mama yako,
Ma Kemi